Kupaka Upya Milango na Fremu za Mbao Nyanda za Juu Kusini: Mwongozo Kamili

Rangi ya mlango ikianza kubanduka kabla ya mwaka kwisha, kopo ndilo hulaumiwa kwanza, kisha fundi. Lakini rangi hubanduka kutokea chini: kwenye maji yaliyobaki ndani ya mbao, mafuta ya mikono karibu na kitasa, masizi ya jiko la mkaa, vumbi jekundu ambalo halikufutwa, na umande uliotua jioni kabla rangi haijashika. Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania vyote hivyo vipo kwa wingi. Ndiyo maana kuanzia Iringa na Mafinga hadi Njombe, Mbeya na Tukuyu, kazi hii ni ya kuosha, kukwangua, kupiga msasa na kungoja. Kupaka kwenyewe hakuchukui hata robo ya muda.

Hesabu zote hapa chini ni za milango mitatu ya kawaida pamoja na fremu zake. Kazi ya kiasi hicho huchukua siku saba hadi kumi za kiangazi, ingawa saa za kushika brashi au msasa ni chache. Siku nyingi ni za kusubiri, na hizo ndizo watu hujaribu kuziiba.

Majira na saa

Msimu mzuri ni Septemba na Oktoba. Mbao imekauka miezi kadhaa, mchana una joto, na mvua za Novemba bado. Ubaya wake ni upepo na vumbi, hasa maeneo ya wazi kama Makambako, kwa hiyo mwagia maji sakafu na uwanja nusu saa kabla ya kupaka. Mei nayo inafaa mahali ambapo mvua zimekatika, lakini Rungwe usiitegemee, kwa kuwa mvua huko huendelea wakati kwingine kumeshakauka.

Juni na Julai unaweza kufanya kazi ukikubali masharti ya baridi. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta hewa ya oksijeni, na joto likishuka chini ya nyuzi 10 mwendo huo huwa wa kobe. Rangi ya maji katika baridi hiyo ina tatizo kubwa zaidi: chembe zake haziungani kuwa ngozi moja, hivyo hukauka ikiwa unga unaofutika. Makete na Njombe usiku wa Julai hushuka chini ya hapo bila shida. Anza kupaka saa nne asubuhi, ukungu ukishaondoka na mbao ikishapata joto, na weka brashi chini ifikapo saa nane mchana. Rangi ya kung'aa iliyopakwa saa kumi jioni itakutwa na umande ikiwa bado mbichi, na asubuhi utaikuta imefifia, ina weupe kama pumzi kwenye kioo. Hakuna kuisugua ikarudi. Ni kupiga msasa na kupaka upya.

Usijaribu kuharakisha kwa kuweka jiko la mkaa ndani. Hewa yake ya sumu huua watu waliolala, mvuke wa rangi na tapentaini hushika moto, na masizi hutua juu ya rangi uliyoihangaikia.

Kagua kabla hujanunua kitu

Chukua bisibisi nyembamba na uchome sehemu ya chini ya fremu, sentimeta 20 za mwisho karibu na sakafu, kisha mbao ya chini ya mlango. Bisibisi ikizama zaidi ya nusu sentimeta bila nguvu, mbao imeoza au imeliwa. Gonga kwa mpini: mbao nzima hujibu kwa mlio mkavu, iliyoliwa na mchwa husikika tupu. Hakuna rangi inayotengeneza mbao iliyooza.

Halafu ijue mbao yenyewe. Milango mingi ya mkoani Iringa, Njombe na Mbeya ni ya paini, kwa sababu shamba la miti la Sao Hill lipo Mufindi na paini ndiyo iliyo karibu. Paini ina utomvu na vifundo, na vyote viwili vinahitaji kuzibwa. Mkaratusi ni mgumu na hupasuka ncha. Ukikwangua na kukuta mninga au mkongo ulio mzima, simama kidogo. Mbao hizo ni za thamani, zina rangi na mistari mizuri, na vanishi huzitendea haki kuliko rangi. Kuzifunika tena kwa rangi ya krimu ni hasara, ingawa uamuzi ni wa mwenye nyumba.

Jaribio la pili ni la rangi ya zamani. Lowesha kitambaa cheupe kwa spiriti na usugue sehemu iliyofichika kwa nusu dakika. Rangi ikihamia kwenye kitambaa na uso ukalainika, hiyo ni rangi ya maji. Isipohama, ni ya mafuta. Kisha chora kwa wembe mistari sita ya kusimama na sita ya kulala, kila mstari milimeta mbili kutoka mwenzake, bandika selotepu juu, ikandamize na uivute ghafla. Vipande vichache vikitoka pembeni, rangi ya zamani inaweza kubaki na kupakwa juu. Vikitoka kwa wingi, yote iondoke. Kupaka rangi mpya juu ya rangi isiyoshika ni kuikabidhi uzito wa kuivuta chini.

Madini ya risasi kwenye rangi ya zamani

Hapa tunaomba msomaji asiruke. Rangi za mafuta za zamani, hasa nyeupe, njano, nyekundu na kijani, mara nyingi ziliwekwa madini ya risasi. Ukiwa na mlango wenye matabaka matano au sita, nyumba ya zamani ya misheni au ya watumishi wa serikali, chukulia kwamba risasi imo. Kwa mtoto mdogo vumbi lake huharibu ubongo unaokua, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa mjamzito madhara humfikia mtoto aliye tumboni.

Kwa milango ya aina hiyo usipige msasa mkavu, usitumie mashine ya msasa, na usiunguze rangi kwa moto. Lowesha uso kwa maji yenye sabuni kidogo, kwangua ukiwa umelowa, na piga msasa wa maji. Tandika turubai mita mbili kila upande, na uwafungie kuku, kwani hudonoa magamba ya rangi, na ukija kula yai au kuku huyo umekula ulichokwangua. Watoto na wajawazito wakae mbali mpaka usafi umalizike. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, ile inayokaza usoni. Kitambaa hakitoshi. Magamba yakusanywe kwenye mfuko, yafungwe na kutupwa na taka zinazochukuliwa, yasichomwe wala kumwagwa bustanini. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na unawe kabla ya kugusa chakula.

Vifaa na kiasi chake

Mlango wa futi 7 kwa futi 3 una takriban mita za mraba 1.9 kila upande. Ukijumlisha pande mbili, kingo, fremu na mbao za pembeni zinazoziba mwanya wa ukutani, unapata kama mita za mraba 6. Milango mitatu ni mita 18 kwa kila mkono mmoja, yaani tabaka moja, wa rangi. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika mita 10 hadi 12 kwenye uso laini, lakini praima, ile rangi ya kwanza kabisa, kwenye mbao tupu hunyonywa, hesabu mita 8 au 9.

Kwa hiyo: praima ya mbao lita 2, andakoti (rangi ya kati) lita 2, rangi ya kumalizia galoni moja ya lita 4 kwa mikono miwili. Tapentaini lita 2, spiriti nusu lita, filla ya mbao nusu kilo, gundi nyeupe ya mbao robo kilo. Msasa namba 80, 120 na 180, mita mbili kila mmoja, na karatasi sita za msasa wa maji namba 240. Brashi ya inchi mbili na nusu kwa sehemu pana, ya inchi moja na nusu kwa fremu na kona. Usibane matumizi kwenye brashi. Ya bei ya chini kabisa huacha nywele ndani ya rangi, na kila unywele unaotoa unaacha alama. Ongeza skrepa, bisibisi, patasi, tepu ya karatasi, turubai na magunia safi.

Rangi zote tatu zinunuliwe za kampuni moja na za mfumo mmoja. Rangi ya maji inaweza kukaa juu ya rangi ya mafuta iliyopigwa msasa na kupakwa praima inayofaa, lakini kuchanganya bila kusoma kopo ndiko kunakoleta mlango unaobanduka kama ganda la kitunguu.

Kuhusu kipi bora: rangi ya mafuta ni ngumu, huvumilia kugongwa na kuoshwa, na inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Kasoro yake ni kwamba nyeupe yake hugeuka manjano kwenye vyumba vyenye giza, kwa kuwa ni mwanga unaoizuia kubadilika. Kama unataka weupe wa kudumu kwenye korido isiyo na dirisha, chukua rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao, uipake siku za joto. Rangi ya ukutani isipakwe mlangoni, ni laini na hushika uchafu.

Kutoa mlango na kuosha

Toa mlango kwenye bawaba kila inapowezekana. Legeza skrubu za bawaba ya chini kwanza, mtu wa pili akishikilia, kisha ya juu. Andika namba kwa penseli kwenye sehemu ya bawaba itakayofichika, mlangoni na kwenye fremu, kwa sababu milango mitatu inayofanana haifanani kamwe ukija kuirudisha. Toa kitasa na vishikio na uvifunge kila kimoja kwenye mfuko wake. Kupaka kuzunguka kitasa kunaacha ukingo mbaya, na ukingo huo ndio maji yanapoanzia. Laza mlango juu ya makreti mawili ya soda yaliyofunikwa gunia.

Mlango wa nje una shida yake: usiku lazima ufungwe. Upake ukiwa umesimama mahali pake, ukianza na kingo na sehemu zinazogusana na fremu saa nne asubuhi, ili zipate saa nyingi kuliko nyingine. Jioni weka vipande vya mfuko wa nailoni kati ya mlango na fremu. Rangi mbili mbichi zikibanwa usiku kucha hugandana, na asubuhi zinararuana.

Kisha osha. Kuosha kunatangulia msasa, kwa sababu msasa juu ya mafuta huyasukuma ndani ya mbao. Changanya lita 5 za maji ya uvuguvugu, vijiko viwili vikubwa vya magadi yaliyosagwa na kijiko kimoja cha sabuni ya unga. Magadi hukata mafuta ya kupikia na masizi kuliko sabuni peke yake. Vaa glavu. Sugua kuanzia chini kwenda juu, kwani maji machafu yakichirizika juu ya uchafu mkavu huacha mistari isiyotoka. Kusuuza ni kinyume chake, juu kwenda chini, mara mbili, kwa maji safi na kitambaa unachobadilisha. Magadi yakibaki yatazuia praima kushika, kwa hiyo suuza mpaka uso usiteleze. Mlango wa jikoni, au wa chumba ambamo watu huota jiko la mkaa wakati wa baridi, uoshwe mara mbili.

Kuvu, yale madoadoa meusi yanayopendwa na nyumba za Tukuyu, huuawa kwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo: sehemu moja kwa nne za maji, iachwe dakika 15, isuuzwe. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia choo, itatoa hewa ya sumu. Ukipaka juu ya kuvu hai, itapenya rangi mpya ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Mbao iliyooshwa ikae kivulini penye upepo angalau siku mbili. Kupima ukavu bila mashine, bandika kipande cha nailoni cha kiganja kimoja kwa tepu pande zote usiku, kisha uweke juani kidogo asubuhi. Matone yakionekana chini yake, bado.

Kukwangua na kutengeneza

Kwangua rangi iliyolegea tu, ukifuata nyuzi za mbao, skrepa ikilala. Ukifika mahali ambapo rangi inakataa kutoka, iache, imeshika kuliko ile utakayoweka. Lazima yote iondoke pale tu selotepu ilipokuambia hivyo, au matabaka yamekuwa manene mpaka mlango unakwama. Dawa ya kuondolea rangi hufanya kazi vizuri kwenye nakshi. Ipake nene, iache mpaka rangi ivimbe, kwangua, kisha futa mabaki kwa tapentaini. Magadi makali ya kutengenezea sabuni yasitumike: hugeuza mbao kuwa nyeusi, huinua nyuzi, na hula gundi ya viungo.

Sehemu iliyooza chini ya fremu ikatwe hadi ufikie mbao nzima, halafu sentimeta tano zaidi. Kata kwa mshazari wa nyuzi 45, ukiinamisha mkato utokeze nje na chini ili maji yateremke nje badala ya kuingia kwenye kiungo. Kipande kipya kipakwe dawa ya mchwa pande zote, hasa ncha, kisha gundi na skrubu mbili. Watu wengi huteleza hapa: paini inayouzwa njiani kuanzia Mafinga mara nyingi imepasuliwa juzi, ina maji mengi. Ukiiunga hivyo, itanywea na kiungo kitafunguka kabla ya Krismasi. Tafuta kipande kilichokaa kivulini wiki kadhaa, au chukua mbao ya samani ya zamani. Ikiwezekana kiache kipande kipya milimeta tano juu ya sakafu kisigusane na saruji, kwani saruji hupandisha unyevu kama utambi.

Matundu ya misumari na ya kitasa cha zamani yazibwe kwa filla, au kwa unga wa mbao uliokandwa na gundi nyeupe mpaka ushikamane kama ugali mgumu. Jaza kidogo kupita kiasi kwa sababu vyote hunywea vikikauka. Tundu lenye kina cha zaidi ya nusu sentimeta lijazwe kwa awamu mbili.

Usizibe kwa filla ule mwanya mwembamba kati ya paneli na mbao zinazoizunguka. Paneli haikugundishwa kwa makusudi. Hutanuka wakati wa masika na kunywea kiangazi, na lazima iteleze ndani ya mfereji wake. Ukiifunga, Septemba itapasuka katikati, au filla itatoka vipande ikivuta rangi.

Mlango unaokwama usiurande Februari. Umevimba kwa mvua, na ukiurandia wakati huo, kiangazi utakuwa na mwanya wa kupitisha upepo. Subiri ukauke, kisha acha milimeta 2 hadi 3 kila upande, ukikumbuka kwamba rangi mpya nayo ina unene.

Kuna fremu na milango iliyopakwa oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Rangi haishiki juu yake wala haikauki. Sugua kwa maji ya magadi mara tatu, kausha, kisha randa milimeta moja hadi mbili. Tone la maji likisambaa kwenye mbao badala ya kusimama kama shanga, umefika. Kisha ziba kwa mikono miwili ya shelaki (kizibo cha utomvu na madoa kinachoyeyushwa kwa spiriti) au praima ya mbao yenye aluminiamu. Kama oili imezama mpaka ndani, ukweli ni kwamba kubadilisha mbao kunagharimu kidogo kuliko kupaka mara tatu.

Msasa

Anza na namba 80 mahali palipokwanguliwa, namba 120 kote, malizia namba 180. Zaidi ya hapo mbao tupu huwa laini kupita kiasi na praima haipati pa kushika. Funga msasa kwenye kipande cha mbao, maana vidole huchimba mabonde yasiyoonekana mpaka rangi ya kung'aa iyaonyeshe. Fuata nyuzi daima. Mikwaruzo ya kukata nyuzi hutokea tena chini ya rangi.

Pale rangi ya zamani inapokutana na mbao tupu, piga mpaka ukipitisha kidole ukiwa umefumba macho usisikie ngazi. Rangi ya zamani iliyo nzima iondolewe mng'ao wote. Na kona kali za mlango zivunjwe kidogo, milimeta moja au mbili. Rangi mbichi hukimbia ncha kali ikabaki nyembamba, na ndipo hupasukia kwanza.

Futa vumbi kwa brashi kavu, kisha kitambaa kilicholoweshwa tapentaini na kukamuliwa. Pitisha kiganja. Kikirudi na unga, futa tena.

Vifundo, praima, andakoti

Kila kifundo cha paini kipakwe shelaki mara mbili, nyembamba, sentimeta mbili kupita ukingo wake, saa moja kati ya mikono. Bila hivyo doa la kahawia litapenya hata rangi tatu nyeupe. Kifundo kinachotoa utomvu wa kunata kipashwe joto kidogo, kwanguliwa, na kusafishwa kwa spiriti kwanza. Na kama mlango wa paini unatazama jua la mchana kutwa, epuka kahawia iliyokolea na nyeusi. Rangi hizo hunyonya joto na kuuchemsha utomvu utoke. Kumbuka kwamba Juni jua letu liko upande wa kaskazini, kwa hiyo mlango unaotazama kaskazini hupigwa hata wakati wa baridi.

Praima ya kwanza kwenye mbao tupu iongezwe tapentaini kidogo, kikombe kimoja kwa vikombe kumi, ili izame. Isukume ndani ya viungo na ncha za mbao. Hasa hasa paka ukingo wa juu na wa chini wa mlango, sehemu ambazo hakuna anayeziona na karibu kila mtu huziacha. Ncha za nyuzi ziko hapo wazi, zinakunywa unyevu kuliko uso wote, na mlango mwingi unaovimba Januari umeanzia kwenye ukingo wa chini usio na rangi. Mikono mitatu hapo si mingi.

Usiongeze mafuta ya taa wala petroli badala ya tapentaini. Mafuta ya taa hukawia kuondoka na huacha mtelezo, na katika baridi ya huku mlango unaweza kunata wiki mbili. Petroli huua mng'ao na inaweza kuunguza nyumba. Tina ya rangi ya magari nayo ni kali mno: huikunja rangi ya zamani ya mafuta kama ngozi iliyoungua.

Saa 16 hadi 24 zilizoandikwa kwenye kopo zimehesabiwa kwa joto la kama nyuzi 25. Juni huku, zidisha mara mbili. Bonyeza kidole gumba na ukizungushe: rangi ikikunjika au kuacha alama, rudi kesho. Ikikauka, piga namba 180 kidogo, ziba vishimo ambavyo praima imevifichua, vipake praima, halafu andakoti mkono mmoja. Andakoti hufunika rangi ya chini na kuipa ya juu uso ulio sawa. Ikikauka, piga msasa wa maji namba 240.

Kumalizia

Koroga rangi kwa ubao mpana mpaka chini ya kopo pawe pasafi. Rangi ya kopo lililokaa siku nyingi ichujwe kwa stokingi ya nailoni. Mimina kiasi kwenye kopo dogo na upakie humo. Ukichovya kwenye galoni unarudisha vumbi ndani.

Mlango wa paneli una mpangilio wake: nakshi zinazozunguka paneli, kisha paneli, kisha mbao ya kusimama ya katikati, mbao za kulala kuanzia juu, na mwisho mbao ndefu za pembeni na kingo. Ukifuata hivyo, kila kiungo kinamalizwa na mbao inayokikata, na alama za brashi hufuata nyuzi. Mlango bapa ugawe sehemu nane kichwani, ufanye mbilimbili kutoka juu, haraka, ili ukingo usikauke kabla hujauunganisha.

Chovya theluthi ya nywele za brashi. Weka rangi kwa kufuata nyuzi, ieneze kwa kukata nyuzi, kisha malizia kwa ncha za brashi bila kukandamiza, ukivuta kwa pumzi moja kutoka mwisho hadi mwisho. Halafu acha. Kurudi baada ya dakika kumi kurekebisha kidoa ndiko kunakoharibu uso uliokuwa mzuri. Baada ya dakika tano, chungulia tu kona za nakshi, rangi hujikusanya hapo na kuchirizika. Mikono miwili myembamba, na msasa wa maji mwepesi kati yake.

Usipake kwenye jua kali. Uso hukauka kabla ya ndani na mvuke ulio chini huinua malengelenge.

Kikiharibika

Malengelenge yakitokea, pasua moja. Ukikuta mbao tupu, maji yalikuwa ndani ya mbao, nawe tafuta yanakoingilia kabla ya kupaka tena. Ukikuta rangi ya zamani, ni joto au uchafu kati ya matabaka. Mikunjo ni rangi nene au iliyowekwa juu ya mbichi: ngoja wiki, kwangua, anza upya hapo. Nyufa kama ngozi ya mamba ni rangi ngumu iliyowekwa juu ya laini, na dawa yake ni kutoa yote. Mlango usiokauka baada ya siku tano una mafuta chini, au uliongezewa kitu kisichofaa. Uweke kwenye joto na upepo siku tatu, na kama bado unanata, futa yote kwa tapentaini. Michirizi usiiguse ikiwa mbichi. Ikishakuwa ngumu, ikate kwa wembe na uisawazishe kwa msasa.

Vitambaa vyenye rangi ya mafuta au mafuta ya kitani vitandazwe nje kimoja kimoja mpaka vikauke, au vitiwe majini. Vikirundikwa kwenye ndoo hujipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Tapentaini iliyosafishia brashi iache kwenye chupa, uchafu utatuama, na ya juu itatumika tena. Isimwagwe mfereji wala shambani.

Rudisha mlango mahali pake baada ya siku mbili za joto, nne za baridi. Usiuoshe wiki tatu za mwanzo, kwani rangi inayoonekana kavu bado inaendelea kukomaa ndani. Paka poda ya mtoto kidogo kwenye sehemu zinazogusana na fremu ili zisinatane. Kila mwishoni mwa Oktoba osha sentimeta 30 za chini za milango ya nje, ambako mvua hurusha udongo mwekundu, ziba mikwaruzo kwa brashi ndogo, na uinamie kuangalia ukingo wa chini. Ukikuta mbao tupu pale, piga msasa na uipake praima mara ikishakauka, kabla ya mvua ya kwanza.